Inaosa Bila Kuchosa

Ukifika Oyugis upande wa soko ukauliza duka la Mama Kerosi, hakuna atakayejisumbua kukuonyesha kwa kidole. Watakuambia tafuta sabuni. Na sabuni utaiona tu, maana imechukua ukuta mzima wa ubavuni: mche wa bluu mrefu kuliko mtu, jua linachomoza nyuma yake, na chini, kwa herufi kubwa za bluu juu ya rangi nyeupe: SABUNI ASUBUHI. INAOSA BILA KUCHOSA.

Najua, najua. Walimu wa Kiswahili wamekwisha kupita hapo wakatikisa vichwa, na mmoja alipiga picha akawaonyeshe wanafunzi wake jinsi lugha inavyouawa mchana kweupe. Lakini sabuni yenyewe ilikufa zamani. Kiwanda kilifungwa, wenyewe wakatawanyika, na ukuta bado unaitangaza. Hilo peke yake lingetosha kumtia mtu adabu kabla hajacheka.

Aliyeuchora ukuta huo mwaka wa tisini na tatu ni Zadock Ogweno, fundi wa mabango. Zadock alijaliwa mkono wa kuchora, ila shule aliiacha darasa la tatu. Mkewe Pamela, msichana wa Kabondo, alifika la saba. Basi wakagawana kazi: rangi za Zadock, herufi za Pamela. Yeye husimama chini ya ngazi na karatasi ya kampuni, anataja herufi moja moja, na mumewe juu anazichora. Siku hiyo mvua iliwakuta njiani, karatasi ikalowa, wino wote ukaenda na maji. Pamela akasema hakuna shida, tangazo hilo analisikia redioni kila asubuhi na amelikariri. Akalitaja kama alivyolisikia, na alilisikia kama mtu wa Kabondo anavyosikia. Katika ulimi aliozaliwa nao hakuna "sha". Kuna "sa", nayo inatosha.

Wiki iliyofuata mkaguzi wa kampuni alikuja kutoka Nairobi, akausoma ukuta, akacheka mpaka akaegemea gari. "Nani amekuandikia hivi?" Pamela alikuwa hapo hapo na ndoo yake ya maji kichwani. Zadock alisema ni yeye mwenyewe, ni ujinga wake, ataongeza H mbili kesho yake. Lakini kabla kesho haijafika, watu walianza kuingia dukani kuomba "ile ya kuosa". Mama Kerosi akamaliza sabuni yote aliyokuwa nayo ndani ya siku nne, na mkaguzi akasahau kabisa habari ya H.

Pamela hakusahau. Kila walipopita hapo wakienda sokoni alimgusa mumewe kwa kiwiko. "Zadock, utanitoa aibu lini?"

"Kesho, Nyar Kabondo," Zadock alimjibu. "Leo acha iongee."

Wakaenda hivyo miaka ishirini na tisa, kiwiko na kesho, kiwiko na kesho. Halafu moyo wa Pamela ukasimama asubuhi moja akiwa anapepeta mtama, na kesho ikaisha.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Zadock ana miaka sitini na nane, goti lake la kulia halipendi ngazi, na kazi zenyewe zimepungua kwa sababu siku hizi mabango yanachapishwa kwa mashine. Lakini kila asubuhi anapita ubavuni mwa duka la Mama Kerosi. Hasimami. Anapunguza mwendo tu. Picha za Pamela anazo mbili, moja ya kitambulisho na moja ya harusi ya watu, ila picha haina sauti, na simu yao ilikuwa ile ya tochi isiyorekodi kitu. Ukuta ndio unaoongea. Akiyasoma yale maneno polepole, kwa midomo, anamsikia mkewe kabisa, na ile "sa" yake, na pumzi yake. Mtu mzima huyo, na koti lake, anamsikia mkewe kwenye tangazo la sabuni.

Jambo lingine alilokuwa akijivunia ni rangi. Akikutana na mafundi vijana huwaambia rangi za siku hizi ni chai ya mkosa maziwa. "Tazameni yangu. Miaka thelathini na zaidi, haijapauka!" Na kweli haikupauka. Kilichomshangaza siku zile ni kwamba kila Januari, akirudi kutoka Kehancha alikokuwa akipaka maghala ya tumbaku, mkebe wake wa bluu ulikuwa umeshuka. Alimlaumu panya. "Panya wa siku hizi wamesoma," Pamela alimwambia. "Labda na yeye anaandika bango."

*

Mwaka huu, mambo mawili yaliufuata ukuta huo karibu kwa pamoja.

La kwanza alikuwa Joyline Nyamweya, mwalimu wa sanaa katika chuo kimoja huko Rongo, binti mdogo mwenye miwani mikubwa na maswali makubwa zaidi. Alikuja na wanafunzi wake, wakapiga picha sabuni kutoka pande zote, kisha akamtafuta Zadock mpaka akampata.

"Mzee," alimwambia, "ng'ambo huko, zamani kidogo, kulikuwa na wasanii waliochoka na picha za wafalme na maua. Wakaanza kuchora vitu vya dukani. Makopo ya supu, chupa za soda, masanduku ya sabuni. Wakavitundika kwenye majumba makubwa, watu wakaja kuviangalia kwa heshima zote."

"Wakauza makopo mengi?"

"Hapana. Waliuza picha."

Zadock alifikiri. "Kwa hivyo mimi nilichora sabuni ndio sabuni inunuliwe. Hao walichora kopo, na kopo likabaki dukani."

Joyline alicheka, akatoa daftari akaliandika neno hilo. Akamweleza kwamba wasanii wale walitaka watu waone jinsi vitu vya dukani vilivyohamia vichwani mwao. "Hata hapa kwetu, mzee. Mtu hajui ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, lakini tangazo la sabuni ya zamani analijua mpaka mwisho. Watu wa Rongo ambao hawajawahi kuiona hiyo sabuni wanasema 'inaosa bila kuchosa'. Nimewasikia sokoni, wakisifu viatu." Akaomba ruhusa: wanafunzi waichore sabuni ile kwa rangi nyingine, na wachape tisheti.

"Chapeni," Zadock alisema, na moyo wake ulijaa. "Lakini herufi msiguse hata moja."

La pili alikuwa James, wakala wa kampuni moja ya unga. Huyu alizunguka na gari lenye ndoo za rangi ya manjano, akitafuta maduka ya kupaka kuanzia msingi mpaka paa. Dukani kwa Mama Kerosi aliona paa limeoza, akaona mwenye duka amepanga masufuria matatu juu ya magunia kukinga maji, akajua pa kushikia. Akaahidi mabati mapya, yote, na kuta zote ziwe za unga.

Mama Kerosi, ambaye jina lake ni Bathsheba, alikuja Oyugis kutoka Gusii akiwa bado msichana, na hapo mjini rafiki yake wa kwanza alikuwa Pamela. Hakutaka Zadock asikie habari hiyo kwa watu. Alimwita, akampa chai na kiti.

"Shemeji, kunywa kwanza."

"Sema tu, Mama Kerosi. Chai yenye habari mbaya haina sukari."

Akasema. Jumatatu James analeta mafundi wake. Zadock aliangalia masufuria, akaangalia na magunia, na hakuweza kumlaumu. Mvua haijui mambo ya kumbukumbu. "Duka ni lako," alisema. "Unga ukilowa hauuziki." Akamaliza chai yake, akamshukuru, na barabarani akagundua kwamba amesahau kofia.

*

Alhamisi ile ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho ya wanafunzi wa Joyline chuoni. Zadock alivaa koti lake la matanga, akaenda Rongo. Ukumbini Joyline alimshika mkono akampeleka moja kwa moja mbele ya ukuta mmoja, na hapo mzee alisimama hoi. Sabuni yake ilikuwa imechorwa mara kumi na sita, nne kwa nne. Moja ya waridi, moja ya kijani, moja ya zambarau, jua jeusi, jua jeupe, na chini ya kila moja maneno ya Pamela kama alivyoyataja. Mara kumi na sita! Alizihesabu herufi kwa macho kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya kuvuka mto. Hakuna iliyoguswa. Alitoa kitambaa akafuta uso, akasema ni joto.

Ndipo mlangoni kijana mmoja wa chuo akachukua kipaza sauti kukaribisha wageni. "Karibuni nyote! Kujeni muose macho! Inaosaaa! Bila kuchosaaa!" Alilipinda domo, aliivuta ile "sa" kama mpira, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Zadock alikijua kicheko hicho. Alikisikia mara ya kwanza mwaka wa tisini na tatu, mtu akiwa ameegemea gari. Alimwona Pamela amesimama palepale mlangoni na ndoo yake kichwani, hajui pa kuweka macho. Akageuka akatoka.

Joyline alimkimbilia mpaka getini. "Mzee, pole. Yule hamcheki mama. Amelelewa na dana yake huko Kanyada, ndivyo nyanya yake anavyoongea. Anampenda sana."

"Basi acheke akiwa kwa dana yake," Zadock alisema.

Safari nzima ya kurudi hakuona shamba wala mlima. Alikuwa na wazo moja tu, na liliuma: kwamba mwanamke alimwomba kitu kimoja kwa miaka ishirini na tisa, kitu cha mipigo miwili mitatu ya brashi, na yeye akaona ni mzaha. Alisema "acha iongee" kwa sababu ilimfurahisha yeye. Hakuwahi kuuliza mwenye sauti anaonaje. Sasa sauti ya mkewe imechapishwa kwenye vifua vya watu, na Jumatatu inazikwa chini ya manjano ikiwa bado na aibu yake. Akaamua kwamba, ikiwa lazima izikwe, itazikwa ikiwa safi. H mbili. Deni la maneno halina mrithi, mtu hulilipa mwenyewe.

*

Alichagua Jumamosi. Mama Kerosi ni Msabato, na siku ya Sabato duka lake hufungwa kwa kufuli mbili, hata ukiwa unakufa kwa njaa. Asubuhi Zadock alibeba ngazi, mkebe wa bluu na brashi ndogo ya manyoya laini, akaiegemeza ngazi ukutani na kuanza kupanda, huku goti likilalamika kila hatua.

Ilikuwa zaidi ya miaka thelathini tangu aukaribie ukuta ule hivyo. Kutoka barabarani mtu huona maneno. Kutoka ngazini fundi huona mkono. Na mkono aliouona haukuwa wake.

Alirudisha uso nyuma, akausogeza tena. S ya fundi Zadock ina shingo, ina kiuno, ina mkia mwembamba. Alifundishwa hivyo na Mhindi mmoja wa Kisii, na hajawahi kuichora vingine. S iliyokuwa mbele yake ilikuwa na tumbo. Ilikuwa imejaa chini kama mfuko wa maharagwe, na kwenye kona brashi ilisita, ikapumzika, ikaendelea. Akaitazama N. Akaitazama K. Zote zilikuwa zimepakwa juu ya zake, rangi juu ya rangi, tabaka juu ya tabaka, na mtu aliyekuwa akifuata mistari kwa uangalifu mkubwa bila kuwa fundi.

Kisha akaona kingine. Kati ya S na A za INAOSA, palipokuwa na nafasi finyu, weupe wa ukuta ulikuwa mweupe kuliko kwingine. Akapitisha kidole. Rangi ya mafuta haifichi kitu. Ukipaka juu ya mstari, mstari hubaki chini kama mshipa. Kidole chake kilishuka mguu mmoja, kikavuka, kikashuka mguu wa pili. H. H nyembamba, imebanwa hapo kama mtu wa tatu kwenye boda boda, kisha ikafunikwa kwa rangi nyeupe. Kwenye KUCHOSA pia ilikuwepo.

Alikaa juu ya ngazi na brashi kavu mkononi, hapandi, hashuki. Hakujua amekaa muda gani. Aliposikia sauti, Mama Kerosi alikuwa chini, amerudi kanisani na kitambaa chake cheupe kichwani, Biblia kwapani.

"Zadock Ogweno! Sabato yangu unaivunjia ukutani kwangu?"

"Mama Kerosi," alisema, "nani amekuwa akiandika hapa?"

Bathsheba aliweka Biblia kwenye ngazi ya mlango, akajifunga leso vizuri, akaja karibu.

"Alinikataza kusema. Lakini Jumatatu ukuta unaenda, sijui ninamfichia nani." Akashika ngazi, maana aliiona inatikisika. "Kila Disemba ukienda Kehancha, Jumamosi moja alikuja na rangi yako kwenye kikombe. Rangi ilikuwa inapauka, shemeji. Miaka miwili tu na ilianza kufifia. Lakini wewe ulikuwa umeshajisifu mji mzima, akasema hawezi kukuacha uaibike."

Zadock alipitisha kidole tena juu ya ile S yenye tumbo.

"Nilimwambia leo ni Sabato, siwezi kukusaidia kazi. Akaniambia, 'Bathseba, wewe shika ngazi tu. Kusika ngazi si kazi.' Nikawa nashika. Miaka yote hiyo. Mungu atanisamehe."

"Na hii H?"

"Hiyo ni mwaka ule alichekwa kwenye mkutano wa wazazi. Alikuja hapa na hasira, akaziweka zote mbili. Zikakaa wiki mbili, wewe hukuwepo. Kila siku alikuwa anapita anasoma, anarudi. Jumamosi ya pili akaja na rangi nyeupe. Nikamuuliza, sasa nini tena, si umeweka vizuri? Akasema, 'Bathseba, sasa huyu ni mtu wa redio. Si mimi. Siku nikikosekana, Zadock akipita hapa atamsikia nani?'"

Mzee alilia. Hakusema ni joto. Alilia juu ya ngazi, kipaji cha uso kikiwa kimeegemea herufi, na waliokuwa wakipita wakaangalia kando kwa heshima.

"Lakini alikuwa ananiomba," alisema alipopata sauti. "Mpaka wiki ya mwisho. Utanitoa aibu lini, utanitoa aibu lini."

"Wuololo, wanaume!" Mama Kerosi alisema. "Alikuwa anapenda jibu lako. Akitoka hapo anakuja ndani kunieleza, anacheka. 'Leo tena amesema kesho.' Angeacha kuuliza, wewe si ungeacha kujibu?"

Upande wa soko mtu alikuwa akinadi omena. Mama Kerosi aliangalia paa lake, akaangalia sabuni, akashusha pumzi ndefu ya mtu anayebeba gunia kwa hiari yake.

"Mabati nayataka," alisema. "Sitakudanganya. Lakini James atapaka mbele na nyuma. Ubavu huu hapati. Akikataa, masufuria yangu bado hayajatoboka."

Mimi ninayewasimulia nawaambia James hakukataa. Siku hiyo ya Jumatatu alikuta wanafunzi kumi na tatu wa Rongo wamepanga foleni kupigwa picha mbele ya sabuni, na yule wa kipaza sauti alikuwa miongoni mwao, amemleta dana yake mwenyewe, bibi wa fimbo, ausome ukuta kwa sauti. Bibi aliusoma, hakuona kosa lolote, akauliza sabuni hiyo bado inauzwa wapi. James si mjinga. Alijua ukuta unaovuta watu haupakwi. Alithubutu hata kusema labda na unga wao uandikwe "unasibisa". Mama Kerosi alimtazama mara moja tu, naye James hakulirudia neno hilo.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Jumamosi ile Zadock alifungua mkebe wa bluu. Herufi zilikuwa hazijaguswa kwa miaka mitatu, zilikuwa zimeanza kufifia, na sasa alijua kwa nini. Akachovya brashi, akaanza na S. Mkono wake wa miaka arobaini ya kazi ukamtolea S yenye shingo na kiuno, nzuri, ya kifundi. Akaifuta kwa kitambaa. Akajaribu tena, ikatoka nzuri tena. Ilimbidi apunguze mwendo, asite kwenye kona alikositia mkewe, apumzike alikopumzika, ndipo ile ya tatu ikajaa tumbo chini kama mfuko wa maharagwe.

"Mama Kerosi," alisema bila kugeuka, "leo ni Sabato. Nenda ndani."

"Kushika ngazi si kazi," Bathsheba alijibu, na viatu vyake vyeupe vya kanisani vikakaa palepale kwenye vumbi. Baada ya kitambo akauliza, "Na zile H ulizokuja nazo?"

Zadock alikuwa amefika kwenye A. Aliimaliza kwanza.

"Kesho," alisema. "Leo acha iongee."